Kiti Kisicho na Mikono

Jumatatu, 13 Januari

Uji tena. Asubuhi uji, saa nne uji, jioni ndizi zilizopondwa mpaka zimesahau kama zilikuwa ndizi. Hakuna nyama, hakuna maharage, hakuna chumvi. Chumvi naelewa, daktari mwenyewe aliikataza kwa sababu ya maji tumboni. Nyama aliikataza mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani. Alisema nyama inalitia ini sumu, na Dada Felista akaamini pale pale.

Dada Felista ana miaka sitini na tatu, mie hamsini na mbili. Alikuja kutoka Moshi mwezi wa kumi na moja kuniuguza, na ananiuguza kama kwetu tunavyolea mzazi: ndani, kitandani, maji ya moto, usiguse fagio, usiiname, kula ulale. Hivyo hivyo alinilea nilipomzaa Doreen, na nilitoka nimenenepa. Safari hii hakuna mtoto. Tumbo ni maji matupu na mikono yangu imebaki vijiti.

Leo nimetaka kukunja nguo zangu mwenyewe. Kanipokonya. Nikitaka kusimama kutoka kwenye kochi, anakuja kunishika makwapani na kuninyanyua kabla sijajaribu. Nimechoka kunyanyuliwa. Keshokutwa kliniki.

Jumatano, 15 Januari

Nimefeli.

Nilidhani ni damu tu kama siku zote. Daktari wa ini akanipa kichuma nikibane kwa kiganja. Nikabana. Akatazama namba, akaandika. Akanisimamisha mguu mmoja mbele ya mwingine kama mtu anayepita juu ya mti. Nikayumba. Halafu akavuta kiti kisicho na mikono. Kunja mikono kifuani, simama, kaa, mara tano.

Sikusimama hata mara moja. Niliiambia miguu iende, ikakaa kimya. Dada Felista alikuwa kishafika nyuma yangu, mikono iko makwapani. Daktari akamwambia amwache mgonjwa. Nikaachwa. Nikabaki nimekaa pale mbele ya mume wangu na dada yangu na nesi, mikono kifuani kama maiti.

Akatuambia wazi, na namshukuru kwa hilo. Ini langu limesinyaa, dawa haiwezi kulirudisha, kupona kwangu ni kupandikizwa ini huko India. Hilo tulilijua. Tusilolijua ni kwamba kule hawaangalii damu peke yake. Wanaangalia na mwili utakaobeba hiyo operesheni. Mtu akiingia amelegea hivi, ini jipya linaweza kufanya kazi vizuri na mwenye ini asitoke kitandani. Mapafu yanashika maambukizi, kidonda hakifungi, siku za ICU zinarefuka, wengine hawarudi. Nikienda nilivyo leo, hawatanipasua. Hawatampasua Joa pia, mzima wa afya, akatwe kipande cha ini lake apewe mtu ambaye huenda hataamka.

Joa ni mdogo wetu wa mwisho. Damu zetu zimekubaliana. Ya mume wangu ilikataa, na Doreen ananyonyesha. Hakuna mwingine.

Akasema pia mwili unarudi, ila nianze sasa, tupange safari baada ya masika kuanza. Mayai, samaki, maharage, nyama. Kula kabla ya kulala. Kutembea. Kusimama na kukaa. Akauliza nani alinikataza nyama. Sikumtazama Dada Felista. Dada Felista alikuwa anatazama feni.

Alhamisi, 16 Januari

Mie si mlegevu. Niandike hilo kwanza.

Miaka ishirini na zaidi nimewatolea watu mizigo yao bandarini, Kurasini. Nilikuwaga napanda juu ya trela kukagua lakiri za makontena mwenyewe kwa sababu siamini mtu. Madereva wa malori walikuwa wakiniona wanazima sigara. Na si pombe, hata wakisema. Ni homa ya ini B, nilikuwa nayo labda tangu nazaliwa, ikanila polepole huku mie nabishana na watu wa bandari. Nikavimba miguu, nikasema ni joto.

Asubuhi uji umekuja kama kawaida. Dada kasema daktari yule ni mtoto wa juzi, mgonjwa hupumzishwa, tangu lini mgonjwa akafanyishwa mazoezi. Nimeumwaga uji kwenye sinki. Nimejikaangia mayai mawili nimeegemea meza ya jikoni, jasho linanitoka kama nabeba saruji. Dada akalia. Nimekula huku analia. Mayai yalikuwa matamu.

Jumamosi, 18 Januari

Nimetoka getini. Nyumba yetu iko katikati ya mlima, na Goba yote ni hivyo, ukitoka unapanda au unashuka. Juu kuna duka la Mpemba. Nikajiambia leo nguzo ya kwanza ya umeme tu.

Nimefika. Nikakaa kwenye jiwe, moyo unapiga mpaka masikioni, nimefurahi kama mwehu.

Wakatokea wanajumuiya. Wamevaa vitenge vyao, chupa ya chai mkononi, wanakuja kumwona mgonjwa. Mgonjwa yuko barabarani anahema. Sikujua niwakaribishe wapi. Waliniamkia, wakaangalia pembeni, wakaenda kukaa sebuleni kunisubiri. Nilipofika walisali sala fupi.

Jumapili, 26 Januari

Maneno yamefika kanisani. Mgonjwa gani anapanda mlima. Wengine ni watu waliochangia fedha za safari ya India. Mmoja kamuuliza Dada, baada ya misa, mbele za watu, kama kweli hali yangu ni mbaya au tumewachezea.

Dada amerudi na uso umefunga. Akachukua kufuli, akafunga geti, ufunguo akauingiza kwenye sidiria. Mie na umri wangu huu, na nyumba yangu, nimefungiwa kama kuku.

Nikamtazama mume wangu, Baba Doreen. Ni mwalimu wa sekondari, anaweza kuwanyamazisha watoto mia kwa kukohoa tu. Kwa dada yangu hafurukuti. Kasema, "Mama Doreen, msikilize dada yako kidogo." Sijaongea naye mpaka saa hii, na sina mpango.

Basi mazoezi nafanyia chumbani. Stuli ya jikoni ni fupi mno kwangu, siwezi kunyanyuka nayo. Nimeweka mito mitatu ya kochi juu yake. Hapo nanyanyuka. Ikizoeleka natoa mmoja. Mlango nimeufunga kwa ndani. Na mie nina kufuli yangu.

Jumanne, 4 Februari

Nimeanguka.

Nilikuwa nimebakisha mto mmoja. Nikajiona mkubwa, nikautoa. Nimekwenda chini kati ya kitanda na kabati, stuli juu yangu. Mlango umefungwa. Dada anagonga, mie siwezi kuufikia. Baba Doreen kaja kuvunja kitasa.

Sikuvunjika. Ila damu yangu haigandi vizuri, basi upande mzima wa kulia umekuwa rangi ya zambarau. Dada kanisafisha bila kunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa, maana dada yangu asipogomba kuna kitu.

Kilikuwepo. Jioni nimemsikia uani na simu. Anaongea Kichaga, polepole. Alikuwa anamwambia Joa asitoe ini lake. Akasema, "Usimpe. Atakufa nalo, na wewe una watoto wadogo."

Nimelala na nguo. Nina hasira na sina pa kuipeleka, kwa sababu nusu ya alichosema ni kweli.

Ijumaa, 7 Februari

Joa kaja kutoka Kimbiji na pikipiki na trei za mayai nyuma. Anafuga kuku wa mayai huko. Ana miaka thelathini na minane, kimwili ni kama mlango. Kawaamkia wakubwa, akanywa maji, akakaa katikati yetu, mie huku na Dada kule.

Hakuzunguka. Kaniuliza, "Dada, nikikupa, utaamka?"

Watu wote wananiambia nitapona kwa jina la Yesu. Huyu ndiye wa kwanza kuniuliza. Nikamwambia sijui. Nikamwambia leo, nilivyo, labda hapana. Nipe mpaka Pasaka.

Dada akaanza kulia tena. Joa akamwambia tutaenda kliniki wote watatu, atakachosema daktari akisikie kwa masikio yake. Halafu akamwomba ampikie mayai.

Jumatatu, 17 Februari

Leo niandike vizuri, hata mkono ukiuma.

Daktari alimsikiliza Dada mpaka mwisho. Mgonjwa apumzike kama mzazi, mgonjwa asichoshwe, nyama ni sumu, ameanguka mumemwona. Hakumkatiza. Alipomaliza, akamwamkia upya, shikamoo mama, akamwomba akae kwenye kile kiti kisicho na mikono. Akunje mikono, asimame, akae.

Dada kasimama na kukaa mara tano bila kubadili pumzi. Akauliza kama aendelee.

Halafu mie. Ya kwanza nikaenda. Ya pili nikaenda huku magoti yanatetemeka. Ya tatu nikakwama katikati, matako hewani, sipandi wala sishuki, nikarudi chini puu. Mwezi jana sikuweza hata moja, kwa hiyo mie nilikuwa najisifu moyoni. Dada hakuhesabu hivyo. Yeye aliona tu mdogo wake kwa miaka kumi na moja hawezi kunyanyuka kwenye kiti. Nilivaa gauni jepesi. Alikuwa anaangalia mapaja yangu, na nadhani ni mara ya kwanza ameyaona, ingawa ananiogesha kila siku.

Daktari akamweleza. Ini likiwa bovu haliwezi kuweka akiba ya chakula. Mtu akikaa na njaa, hata usiku mmoja tu, mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Ukimnyima nyama unauharakisha. Ukimlaza unauharakisha zaidi. Mzazi ana damu changa na anapona mwenyewe, huyu hapana.

Dada akauliza kitu kimoja. "Kwa hiyo mie ndiye niliyemlaza?"

Daktari kasema yeye ndiye aliyenifikisha hapa nikiwa hai, ila sasa kazi imebadilika. Ni kijana mwenye adabu.

Tulipofika nyumbani, Dada akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo wa kufuli, akanipa. Ulikuwa wa moto. Nimemwambia afungue mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Jana ilikuwa Jumatano ya Majivu. Dada anafunga Kwaresima, hagusi nyama, lakini kila siku anachemsha mtori wa ndizi wenye nyama mpaka nyumba nzima inanukia, ananiwekea, anakaa mbele yangu kuhakikisha nimemaliza. Samaki mchana. Mayai ya Joa asubuhi. Kabla ya kulala chapati na maharage na maziwa, hata kama sitaki, na mara nyingi sitaki kabisa. Nikisema nimeshiba ananiambia daktari kasema. Yule mtoto wa juzi sasa kawa nabii.

Na mlima. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua, ananigongea. Mie mbele, yeye nyuma, na kiti cha plastiki kichwani. Hakina mikono, alikitafuta kusudi. Nikichoka anakiweka chini hapo hapo barabarani, nakaa, napumua, halafu lazima ninyanyuke mwenyewe mikono kifuani ndipo tuendelee. Hanishiki tena. Nikimnyooshea mkono anaweka yake nyuma mgongoni.

Watu wanacheka. Wacha wacheke. Leo mama mmoja, yule yule wa baada ya misa, kasimama kabisa kutuangalia. Dada akatua kiti, akamgeukia. Kamwambia, "Ndiyo, ni mgonjwa. Na anapanda. Una swali?"

Akashika njia yake. Nimecheka mpaka tumbo likauma. Miezi mingapi sijacheka.

Jumanne, 25 Machi

Nimerudi chini.

Maji tumboni yalijaa, nikashindwa kuhema, nikalazwa yakatolewa. Siku tatu tu kitandani. Leo nimekaa kwenye stuli na mto mmoja na sikunyanyuka. Mito miwili, kwa shida. Siku tatu zimeniibia kazi ya wiki nzima na zaidi. Huu mwili hauna shukrani hata kidogo.

Mvua haiishi. Mlima ni tope tupu, bodaboda zenyewe zinateleza. Dada kasema tutatembea barazani, kutoka nguzo hadi nguzo, mpaka jua litoke. Tumetembea. Baba Doreen katoka na madaftari yake ya kusahihisha, akatutazama, akayaweka chini, akaingia kwenye msafara nyuma ya Dada. Nimemsamehe, lakini sijamwambia.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefika dukani juu. Kwa miguu yangu, nimepumzika njiani, sijashikwa. Nimenunua kiberiti. Hatuna shida na kiberiti, ila nilitaka niondoke na kitu.

Mpemba alitoka nje ya kaunta kunipa mkono.

Safari kesho: mie, Joa na Baba Doreen. Dada hana pasipoti, anabaki na nyumba. Jioni kanifungia dagaa wa kukaanga kwenye mfuko juu ya mfuko, eti huko watakuwa wananipa majani. Kaniagiza kitu kimoja tu. Nisikubali kunyanyuliwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Vipimo tangu alfajiri. Hospitali hii ni mji mzima. Nimepimwa moyo, mapafu, meno, kila kitu isipokuwa dhambi.

Mwisho, chumba kidogo, kichuma cha kubana na kiti. Hakina mikono. Nikakiangalia nikamwambia kwa Kiswahili, tumeonana tena. Mkalimani akauliza nimesema nini, nikamwambia ni sala.

Mara tano. Ya tano ilikuwa mbaya, nilipanda nikitetemeka, lakini nilipanda. Aliyenipima kapiga makofi kidogo.

Daktari mkuu hakupiga makofi. Kasema bado mimi si mwenye nguvu, nipo katikati. Watu wa katikati wanapita, lakini wanapita kwa shida kuliko walio imara, na wengine hawapiti. Kasema nilivyoelezwa kwenye karatasi za Januari wangenikataa. Sasa wanakubali. Operesheni ni Jumanne ya wiki ijayo.

Joa akatia saini yake kabla yangu. Nikamtengeneza kola ya shati.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilisema nipe mpaka Pasaka, na Pasaka ndiyo hii.

Naogopa. Siogopi kufa sana, nimekaa nalo hili muda mrefu. Naogopa Joa apasuliwe bure. Leo alikuwa anaongea na watoto wake kwa video, mdogo anamwonyesha kifaranga kipya, na yeye anamwuliza kifaranga anaitwa nani kana kwamba hana jambo lingine duniani. Nikatoka nikatembea korido mpaka mwisho na kurudi, mara nyingi, mpaka nesi akaniomba nikalale.

Nimetembea kwa sababu ndicho kitu pekee ninachoweza kufanya. Mengine yote watayafanya watu wengine mie nimelala. Hili la miguu ni langu.

Jumamosi, 10 Mei

Kalamu nzito.

Niko hai. Joa yuko hai. Macho yangu ni meupe, umanjano umekwisha, Baba Doreen kaniletea kioo nione. Ini linafanya kazi tangu siku ya kwanza. Kila daktari anayeingia anatabasamu akisoma damu yangu.

Mie sitabasamu. Siwezi kugeuka kitandani. Siwezi kushika kikombe kilichojaa. Ile miguu niliyoipandisha Goba, nimeifunua shuka nikaitazama, haipo. Joa anatembea koridoni kashika tumbo lake, anakuja kunisalimia, na mie siwezi kuinua shingo vizuri.

Kumbe wote wanashuka. Walinieleza kabla, sikusikia. Ukitoka operesheni unakwenda chini kuliko ulikotoka, halafu ndipo unapanda, na kupanda ni miezi, si wiki. Aliyeanza akiwa na kitu mfukoni anabaki na kidogo. Aliyeanza hana kitu, anashukia wapi?

Nimelia leo. Hasira tupu. Miezi yote ile ya mlima, nianze tena na mito.

Jumatano, 21 Mei

Chumba cha jirani kulikuwa na mama wa makamo, mgeni kama mie, sijui kwao wapi. Alipandikizwa kabla yangu, kwa haraka, aliingizwa akiwa hajiwezi kabisa maana hakukuwa na muda. Binti yake alikuwa ananisalimia kwa mkono mlangoni. Mapafu yalishika maambukizi. Juzi amefariki. Mkalimani kasema ini lake lilikuwa zima mpaka siku ya mwisho.

Nimekaa na hilo siku mbili. Sikumjua hata jina.

Leo waliponijia manesi wawili kuninyanyua kuniweka kwenye kiti, nikasema hapana. Kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kichaga. Nesi akadhani nimechanganyikiwa. Nikashusha miguu mwenyewe, polepole. Mipira ya dripu imenizunguka kama kamba za mbuzi. Nilibonyeza godoro kwa mikono yote miwili. Kwa dada yangu hiyo ingehesabika ni kudanganya.

Nilisimama. Kidogo tu, kisha nikarudi. Lakini nilisimama, na nitasimama kesho, na hakuna atakayenishika kwapa kwenye nchi hii.

Alhamisi, 12 Juni

Joa ameondoka jana kwenda kwa kuku wake. Sie tunabaki, daktari anataka kunitazama zaidi.

Dagaa wa Dada waliisha. Nakula mayai, maziwa, dengu mpaka basi. Chakula hakina ladha, dawa zinaua ladha. Nakula tu kama mtu anayejaza gunia.

Nimetoka nje ya jengo leo. Jua kali kufa mtu. Nimekaa benchi lililo na mikono, nikasogea pembeni nisiishike.

Jumamosi, 26 Julai

Nyumbani.

Dada alikuwa getini. Hakunikimbilia. Alikuwa kakiweka kile kiti cha plastiki katikati ya njia, kati ya gari na mlango, akasimama pembeni mikono nyuma ya mgongo. Baba Doreen akaanza kusema mwache kwanza apumue, ametoka safarini.

Nikakaa. Nikakunja mikono kifuani. Nikasimama.

Ndipo akanikumbatia. Ananuka moshi na vitunguu. Kasema nimekonda, mtori uko jikoni, na kesho tunaanza na nguzo ya kwanza.

Nimemwambia kesho ni Jumapili. Kasema kwani mlima unaenda kanisani.

Jumapili, 21 Septemba

Dada anarudi Moshi kesho. Shamba lake la kahawa limekaa bila mtu karibu mwaka mzima. Haya.

Asubuhi tumepanda mpaka dukani, mie na yeye. Kiti tulikiacha nyumbani, wiki ya pili sasa hatukibebi. Yeye ndiye aliyekuwa anabaki nyuma. Nikadhani ananipima. Kumbe goti la kushoto linamsumbua tangu Juni, alikuwa akipanda huo mlima peke yake kila asubuhi wakati mie niko India, eti asipoteze njia. Hakumwambia mtu.

Mchana tumekula, tukakaa sebuleni. Joa amepiga, kovu linamwasha tu mvua ikitaka kunyesha. Yule mama wa baada ya misa kaleta ndizi za safari, kanywa chai, kaondoka. Baba Doreen alikuwa amelala na gazeti usoni.

Dada alikuwa kwenye kochi, lile la chini, ambalo alikuwaga ananinyanyua humo sijui mara ngapi kwa siku. Akataka kwenda kufunga mizigo. Akajisukuma mara moja, akarudi. Mara ya pili, akarudi. Akanitazama.

Nikaondoka kwenye kiti changu bila kushika kitu. Nikasimama mbele yake, nikampa mikono yote miwili, akaishika. Ni mzito dada yangu. Nilimvuta mpaka akasimama wima, tukabaki hivyo kidogo mpaka goti lake likanyooka.

Halafu akaenda kufunga mizigo. Nikamfuata nikamkunjie nguo.